Nani Alitoboa Pafu la Mwalimu? (Sehemu ya Tisa)

"Sindano yako imemtoboa pafu."

Bingwa aliyasema hayo mbele ya wauguzi watatu, mfagiaji na mke wa mgonjwa, tena kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa ukumbi. Hapo ndipo tulipokatia wiki jana. Ahsanteni kwa matusi mliyomporomoshea kwenye barua zenu, ila mengine yawekeni akiba, maana leo mtayahitaji.

Kwa uliyelikosa gazeti: Mama Sindano ni mtaalamu wa tiba ya sindano, zile nyembamba kama unywele, zisizo na dawa ndani, ambazo mgonjwa huchomwa ili kichefuchefu na maumivu yapungue. Chumba chake ni namba kumi na nne, kati ya dobi na stoo ya magodoro. Mlangoni uongozi umebandika kibao cha "Tiba Mbadala", neno analolichukia kuliko jina lake la utani. Mbadala wa nini? Yeye hambadili daktari yeyote. Anamsaidia mgonjwa avumilie kile daktari anachompa, basi.

Bingwa ni daktari wa saratani na mkuu wa wodi. Pia, kwa bahati mbaya ya kila mtu, amemwoa mdogo wake Mama Sindano.

Na Mwalimu ndiye huyo mgonjwa, mstaafu wa hesabu, mwenye saratani ya tumbo. Dripu mbili za mwanzo za dawa ya saratani zilimtapisha hadi akaapa kuwa ya tatu hawekewi, bora afie kwake akiwa amevaa suruali yake mwenyewe. Mkewe akamsihi amjaribu Mama Sindano. Dripu ya tatu ikapita, ya nne ikapita, ndoo ikabaki kavu. Leo ilikuwa zamu ya tano. Lakini kabla hata dripu haijaning'inizwa, Mwalimu aliishiwa pumzi kwenye kiti cha chumba namba kumi na nne, midomo ikabadilika rangi, akaporomoka sakafuni.

Daktari wa zamu alimwahi. Alimpasua ubavuni, akapitisha mpira, na upepo uliojaa kifuani ukatoka. Mwalimu alikuwa hai. Mama Sindano alikuwa bado amesimama ukumbini na sinia yake mkononi, sindano sita zilizotumika zikiwa zimelala juu ya pamba.

"Nilimchoma mikononi na miguuni," alisema. "Kila ninapochoma nachora duara la wino kwanza. Mfunueni. Nionyesheni duara moja kifuani."

Bingwa alijibu kwamba wino hufutika. Akawageukia wauguzi, akawaeleza taratibu, kama anayefundisha darasa, kuwa haya ndiyo matokeo ya kuruhusu uganga uvae koti jeupe. Alisema amekuwa akionya kwa miaka minne na hakuna aliyemsikiliza.

Mama Sindano alihisi damu inampanda kichwani. Miaka minne amekula naye meza moja kila sikukuu. Amemlelea watoto. Na miaka yote hiyo huyu shemeji hajawahi kukanyaga namba kumi na nne, wala kusoma kadi yake hata moja.

"Shemeji," alimwambia, "ile plasta chini ya mtulinga wake ni ya nani?"

Bingwa alikunja uso. Plasta ilikuwa yake. Asubuhi ile, kwa kuwa mishipa ya mikono ya Mwalimu ilishagoma, alikuwa amempitishia mpira wa dripu kwenye mshipa mkubwa chini ya mfupa wa bega. Mpira huo hupita jirani kabisa na pafu, na mkono ukiteleza kidogo tu, pafu linatoboka.

"Mpira wangu umekaa sawa," alisema Bingwa. "Nimeandika kwenye faili. Lete funguo."

Akazichukua. Kikao kwa mkurugenzi saa tisa alasiri, alisema, na leseni yake aje nayo.

Yote hayo Mama Sindano angeyabeba. Kilichomvunja ni mke wa Mwalimu, mama wa watu asiyepandisha sauti, ambaye kila Jumanne humshika mikono yote miwili wanapoagana. Alimsogelea karibu sana, akamtazama machoni.

"Mimi ndiye niliyemleta kwako," alisema. "Yeye hakutaka."

Kisha akaenda zake wodini.

Sasa, msomaji wangu, mtu mwingine angekaa chini alie. Mama Sindano alikuwa na hasira nyingi mno hata asiweze kulia. Alijua jambo moja ambalo kila mtu wa hospitali hiyo analijua: mpira wa namna ile ukishapitishwa, mgonjwa hupelekwa eksirei kabla ya jambo lingine lolote, ili ionekane kama pafu liko salama. Basi kama Mwalimu alipigwa picha asubuhi, ipo mahali. Na kama pafu lilikuwa limeshatoboka, picha ingesema.

Na nani hupiga picha? Mdogo wake.

Alimkuta katika chumba cha eksirei akipanga bahasha ambazo tayari zilikuwa zimepangika. Mdogo mtu hakugeuka. Mama Sindano alimuuliza kama Mwalimu alipigwa picha. Akajibiwa kuwa wagonjwa walikuwa wengi. Akamuuliza tena. Akajibiwa kuwa hayo ni mambo ya faili, amuulize aliyelishika faili.

"Nimekuuliza wewe."

"Dada, usinifanyie hivyo. Unajua ninarudi nyumba gani jioni."

"Na mimi nitarudi nyumba gani? Nikiitwa muuaji nitapanga wapi chumba cha kuwachoma watu? Mimi niliacha chuo ili wewe umalize chako, sijawahi kukukumbusha. Leo nakukumbusha."

Mdogo wake akaanza kulia, na kilio kile hakikumlainisha Mama Sindano hata kidogo. Alimwambia apanguse machozi atafute picha. Mdogo mtu akasema hawezi. Alisema mumewe amemwomba, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao amemwomba jambo, wala hakumwamrisha.

Hapo simu ya mezani ikalia.

Alikuwa katibu wa mkurugenzi. Mdogo mtu alisikiliza, akaitikia "ndiyo" mara tatu, na kila "ndiyo" ilikuwa nyembamba kuliko iliyotangulia. Akaiweka simu chini. Akakwangua kona ya meza kwa ukucha.

"Natakiwa nikajieleze kwa maandishi," alisema mwishowe. "Bingwa amemwambia mkurugenzi kuwa aliagiza picha, mimi nikapuuza sikupiga."

Mama Sindano alinyoosha mkono kuidai picha.

"Aliniambia niifiche hadi ajue cha kufanya," alisema mdogo wake, na sauti ilishabadilika. "Kumbe ndicho alichojua kukifanya."

Aliinuka, akaenda ukutani yanapotundikwa yale maaproni mazito ya risasi ya kukinga mionzi, akapitisha mkono nyuma ya la mwisho, akatoa bahasha ya kaki. Akaichomoa picha na kuipachika kwenye taa.

Hata wewe usiyejua lolote la eksirei ungeiona. Upande mmoja pafu lilikuwa na michirizi yake, kama jani. Upande wa pili, kule juu karibu na bega, palikuwa na weusi mtupu wenye umbo la mwezi mchanga. Upepo. Pafu lilikuwa limeshaanza kusinyaa. Na pembeni, kwa mwandiko wa mdogo mtu, jina la mgonjwa, tarehe, na saa: tatu na dakika arobaini na tano. Mama Sindano alimchoma Mwalimu saa tano na dakika kumi.

"Nilipoiona tu nilimpigia," alisema mdogo wake. "Akasema anakuja kuitazama. Hakuja. Kumbe alishaandika kwenye faili kuwa mpira umekaa sawa."

Unaandika "umekaa sawa" bila hata kuitazama picha. Halafu mtu anaanguka, unamnyooshea kidole shemeji yako, na kidole kikikosa nguvu unamgeuzia mkeo. Mimi ninayewaandikia haya nimelazimika kuiweka kalamu chini nikanywe maji.

Mama Sindano alitaka kukimbia moja kwa moja hadi kwa mkurugenzi. Lakini mdogo wake alimtuliza, akamwambia akalete kwanza kadi yake yenye saa ya matibabu, ili picha na kadi zikae pamoja na Bingwa akose pa kupenya. Dobi alikuwa na ufunguo wa ziada wa namba kumi na nne. Hakumuuliza swali, alimfungulia tu.

Kadi za Mama Sindano hukaa kwenye kopo la biskuti, kwa sababu ofisi ya kumbukumbu ilishakataa kuzichanganya na mafaili ya wagonjwa. Ni za rangi ya waridi. Huziandika pale pale, mgonjwa akiwa kitini na sindano zikiwa mwilini, dakika kwa dakika. Alitoa ya Mwalimu akaisoma haraka akitafuta saa.

Kisha akairudia taratibu.

"5.10 sindano sita. 5.15 amevuta pumzi ndefu. 5.20 pumzi fupi fupi, halafu ndefu. 5.25 pumzi ndefu tena na tena, jasho usoni. Sindano zimeshika vizuri sana leo. Nimemwacha apumzike."

Inabidi niwaeleze jambo la ufundi huu. Aliyemfundisha Mama Sindano alimfundisha, na yeye amewafundisha wengine, kwamba mgonjwa akivuta pumzi ndefu kutoka ndani, ujue sindano imeshika. Ndiyo ishara wanayoingoja. Wakiiona hufurahi, hukaa kimya wasimsumbue. Na kweli, mara tisini na tisa katika mia ndivyo ilivyo, mwili unalegea na pumzi inashuka.

Mwalimu hakuwa amelegea. Mwalimu alikuwa anatafuta hewa.

Na alisema. Hilo halikuwa kwenye kadi, lilikuwa masikioni mwake. Alifumbua macho saa tano na dakika ishirini hivi, akatabasamu kwa taabu, akasema, "Mwanangu, leo zimeshika mpaka kifuani." Na yeye, kwa majivuno ya fundi anayesifiwa, alimwambia ndivyo zinavyofanya kazi. Akaendelea kuandika. Dakika kumi na tano nzima aliketi hatua mbili kutoka kwa mtu anayekabwa, anaandika jinsi anavyokabwa, na chini yake anajipa sifa.

Zile hasira zote alizokuja nazo kutoka eksirei ziligeuka zikamrudia yeye. Alijipiga kofi la paja, kwa nguvu, kama anayemwadhibu mtoto. Angeita muuguzi mapema, ule mpira wa ubavuni ungewekwa kabla midomo haijageuka rangi. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeita.

Kadi ilikuwa nyepesi. Kuichana ni kazi ya nukta moja. Nani angejua? Miaka minne hakuna daktari aliyewahi kuinua kifuniko cha lile kopo.

Aliikunja, akaitia mfukoni.

Saa tisa kamili walikuwa kwa mkurugenzi: yeye, mdogo wake, Bingwa, na mke wa Mwalimu aliyekaa ukingoni mwa kiti na mkoba mapajani. Bingwa ndiye aliyeanza. Alizungumza vizuri, hilo tumpe. Alisema hana ugomvi na mtu, anatetea wagonjwa tu. Alisema sindano na vikombe vya kuumika na kukanda ni mambo ya kuburudisha watu wazima sebuleni, si ya hospitali. Akasikitika kuwa hata picha aliyoiagiza haikupigwa kwa sababu ya uzembe wa mhusika. Hakumtazama mkewe aliposema mhusika.

Mkewe alisimama, akaenda dirishani, akaibandika picha kwenye kioo kwa mkono. Jua la alasiri likaipenya.

Mkurugenzi alivaa miwani, akasogea, akainama. Akasoma saa. Akaisoma tena.

Bingwa alisema huenda lebo imebandikwa kimakosa.

"Mwandiko ni wangu," alisema mkewe. "Na simu niliyokupigia ni yangu. Na aliyeniambia niifiche nyuma ya aproni ni wewe."

"Tutayazungumza nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

Mkurugenzi alikohoa. Aliomba funguo za namba kumi na nne, na Bingwa akazitoa mfukoni kana kwamba zilikuwa za moto. Mkurugenzi akamkabidhi Mama Sindano mwenyewe, mkono kwa mkono, akamwomba radhi kwa niaba ya hospitali, akasema ametukanwa bure. Leseni yake haikuguswa. Jina lake lilikuwa safi. Mngemwona mdogo wake alivyokuwa anatabasamu huku machozi yakimtoka.

Bingwa alikuwa amebaki peke yake, na mtu akibanwa hivyo hung'ata chochote kilicho karibu.

"Hata kama," alisema. "Alikaa naye nusu saa. Muulizeni alikuwa anafanya nini."

Mkurugenzi alimwambia anyamaze. Lakini mke wa Mwalimu alishageuza uso.

"Ni kweli, ulikuwa naye," alimwambia Mama Sindano, bila ukali wowote. "Alikuwa anapumua vipi?"

Vizuri. Neno moja tu, na angerudi chumbani kwake na funguo zake. Mdogo wake alikuwa anamtazama, anangoja alitamke.

Mama Sindano alitia mkono mfukoni, akatoa kadi, akampa.

Mke wa Mwalimu alisoma akifuata mistari kwa kidole. Alipofika mwisho alirudi juu.

"Hakusema kitu?"

"Alisema. Aliniambia zimeshika mpaka kifuani."

"Na wewe?"

"Nilimwambia ndivyo zinavyofanya kazi."

Bingwa alishusha pumzi kwa sauti, akafungua mikono kumwonyesha mkurugenzi kuwa si alisema. Mama yule mpole akamgeukia, na hapo ndipo nilipojua mtu asiyepandisha sauti huwa anaitunza kwa siku kama hiyo.

"Wewe usinifurahie. Wewe hukutazama kabisa. Huyu alitazama, asione. Mimi mume wangu kati yenu nilimkabidhi nani?"

Mkurugenzi alianza kusema habari ya taarifa rasmi na kamati, akakatizwa katikati. Mke wa Mwalimu alisimama, kadi mkononi, akasema hataki kamati. Mwenye pafu yuko wodini na akili zake timamu. Hawa wawili wataenda wakamwambie, kila mmoja lake, kwa mdomo wake, yeye akisikia.

Walitoka wakifuatana, wakateremka ngazi. Bingwa alitembea nyuma kabisa, na wauguzi waliompisha njia asubuhi sasa hawakumpisha.

Mwalimu alikuwa ameegemezwa mito mitatu. Mpira ulitoka ubavuni mwake hadi kwenye chupa ya maji chini ya kitanda, na kila alipokohoa chupa ilitoa mapovu. Dripu ya tano ilikuwa imetundikwa kwenye chuma chake, haijaunganishwa. Muuguzi alimnong'oneza mke kuwa mgonjwa ameikataa tangu alipozinduka. Hasemi mengi, ila anasema hiyo dripu haingii mwilini mwake hadi Mama Sindano apatikane, na akikosekana arudishwe nyumbani, na safari hii harudi tena.

Alipomwona Mama Sindano mlangoni, uso mzima wa mzee ulifunguka.

"Mwanangu," alisema kwa pumzi za kuokoteza. "Nilidhani wamekufukuza."

Akaugeuza mkono wake juu ya shuka, kiganja juu, akamsogezea, tayari kuchomwa.

Mama Sindano alikaa kwenye kiti cha wageni. Bingwa alisimama miguuni mwa kitanda akikodolea vigae. Nyuma yao mke wa Mwalimu alisema neno moja tu: "Mwambieni."

Bingwa hakufungua mdomo.

"Mwalimu," alisema Mama Sindano, "asubuhi uliponiambia mpaka kifuani, ulikuwa unaniambia huwezi kupumua. Nilikusikia. Nikaandika. Sikuita mtu."

Mzee alimtazama kwa muda mrefu. Tabasamu lilikaa usoni mwake kidogo zaidi ya lilivyostahili, kisha likaondoka. Vidole vikajikunja, na mkono ukaanza kurudi taratibu chini ya shuka.